Nilimchapa kwa Kuchechemea

Mimi ni mkazi wa Kiandutu, hapa Thika. Jina la mtaa wetu latokana na ndutu, yaani funza kwa Kikuyu. Kumtoa funza mguuni mwa mtoto nilijua. Ya moyoni sikuyajua.

Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, tulikimbia Burnt Forest usiku, nyumba ikiwaka nyuma yetu. Kifungua mimba wangu alikuwa na miaka 11. Tulipofika hapa nilishukuru kwamba tu hai, nikapiga marufuku kuutaja usiku ule.

Miezi ya kwanza hakulala. Upepo ukigonga bati, anaruka. Nikasema atazoea. Alipofika darasa la saba akakataa kuwasha jiko. Jirani akichoma takataka, mtoto anapotea hadi giza. Nikamwita mvivu. Kidato cha kwanza akaacha mpira, akaacha marafiki. Nikamwita mwenye kiburi. Mwaka 2014 akampiga mwenzake, akarudishwa nyumbani. Nikachukua mshipi.

Aliyenishika mkono ni jirani ambaye hatukuwa tukisalimiana, kwa sababu ya pesa za chama nilizokuwa sijamlipa. Akasema, "Dada, huyu ni mgonjwa." Akatupeleka mwenyewe kwa mshauri.

Mshauri alikunja vidole vinne, kimoja kimoja: kumbukumbu zinazovamia, kukwepa kila kinachokumbusha, kujilaumu na moyo kufa ganzi, mwili kukesha kama mlinzi. Alisema tangu 2013 madaktari wa akili wa Marekani huzipanga dalili za kiwewe katika makundi hayo manne. Kwa kijana anayekua, kundi moja laweza kutangulia, mengine yakafuata miaka ikipita. Mimi nilikuwa nimehesabu makosa manne ya mtoto mkaidi. Yalikuwa jeraha moja.

Siku hiyo mwanangu alisema bado anamsikia ng'ombe wetu akilia, yule ambaye hakuwahi kumfungua kamba. Miaka sita tulilala chumba kimoja, na sikujua.

Nilimwomba msamaha. Hakujibu. Majuma yakapita, jioni moja nikatoka kibaruani nikakuta jiko linawaka na chai iko tayari. Sikustahili chai ile.

Hakupona mara moja. Mvua ikipiga bati kwa nguvu bado huamka. Siku hizi naamka pia, tunakaa pamoja hadi ipite.

Ndugu yangu, kama kwako yuko anayechechemea, weka fimbo chini kwanza. Tazama mguu.