Treni za Marhumu Baba na Haki ya Mdogo Wetu

Mirathi haigawanywi kwa kukisia. Nyumba hufanyiwa tathmini, dhahabu hutiwa mizanini, fedha za benki huhesabiwa. Lakini vile vitu ambavyo marhumu alivikusanya kwa mapenzi yake tu, mmoja huviita takataka na mwengine akaviita hazina, na wote wawili hawajauliza bei. Jambo hilo lilitufika sisi ndugu wanne mjini Leicester, Uingereza, alipofariki baba yetu, Allah amrehemu, akaacha masanduku matatu ya treni ndogo za kuchezea.

Baba alizaliwa Tabora, penye makutano ya reli, na huku ugenini alizinunua moja moja katika magulio ya Jumapili. Nyingi zilikuwa Hornby Dublo. Frank Hornby alianza kuuza treni zake Liverpool mwaka 1920. Hizi za Dublo, ambazo ni ndogo zaidi, zilitoka mwaka 1938, na kampuni yenyewe ikachukuliwa na Lines Bros mwaka 1964.

Mwenye duka mmoja alitutajia pauni 180 kwa vyote, akataka jibu siku ile ile. Mama aliridhia. Sisi watatu tulio watu wazima tungeweza kusamehe haki zetu, lakini mdogo wetu ana miaka 11, na hapana miongoni mwetu mwenye ruhusa ya kusamehe kilicho chake. Tukaomba muda.

Tulitambua upesi kwamba bei anayoitaka muuzaji si thamani. Mtu aweza kubandika pauni 500 juu ya kichwa cha treni, kikakaa kabatini miaka mingi. Kwa hiyo tuliacha matangazo, tukasoma matokeo ya minada, yaani bei zilizolipwa. Humo tuliona kuwa umri peke yake haununui kitu. Duchess of Atholl, ambayo baba akiionea fahari, ilitengenezwa kwa wingi baada ya vita na haikosekani mnadani. Vilivyotoka miaka ya mwisho ya kiwanda, vilipouzwa vichache, ndivyo vinavyogombewa. Na boksi la asili, karatasi ngumu tu, laweza kuzidi kwa thamani behewa lililomo ndani yake. Kichwa kimoja cha kabla ya vita kilikuwa kimevimba na kupasuka: zinki iliyochanganyika na risasi huoza yenyewe kwa ndani, na haina dawa.

Kilibaki kimoja. Baba alikuwa amekikwangua rangi yake ya kijani, akakipaka rangi ya damu ya mzee, kama zile Garratt za daraja la 59 zilizoundwa Manchester kwa ajili ya Reli ya Afrika Mashariki, kisha akaandika herufi ubavuni kwa brashi nyembamba. Hakifanani na Garratt hata kidogo. Mthamini wa mnada alikigeuza mara mbili, akasema kwa adabu kwamba rangi hiyo imekimaliza: pauni 10, kwa ajili ya vipuri.

Vilivyobaki viliuzwa pauni 430. Baada ya ushuru wa mnada tukapokea 344. Karibu nusu ya fedha hizo ilitokana na mabehewa matatu ya mizigo ambayo baba hakuwahi kuyatoa kwenye maboksi yake. Mama akachukua thumni yake, dada yetu fungu moja, na sisi wanaume mafungu mawili mawili.

Kile chekundu hatukukipeleka mnadani. Sisi watatu tulitoa pauni 10, tukaziingiza katika hesabu kabla ya mgao, kisha tukampa mdogo wetu hiba. Akauliza, sasa kitapita wapi? Tukalitoa na duara la reli, nalo likaandikwa daftarini: pauni 4.