Tikiti la Jamu na Deni la Mbegu

Najua kwamba wengi wanaosoma ukurasa huu ni wakulima, na wengine, kama mimi, ni makarani mchana na wakulima jioni. Nataka kuwaeleza kosa nililolifanya shambani kwangu huko Machakos, ili mwenzangu asije akalirudia.

Mwaka wa kwanza nilipewa mbegu na rafiki yangu wa kazini. Alisema tu kwamba ni za matikiti, nami sikuuliza zaidi. Nilizipanda mwanzo wa mvua za vuli, mashimo yakiachana kiasi cha mita 2, na kila shimo nikalitia samadi iliyooza vizuri. Mimea ilitambaa kwa nguvu ikavumilia jua, na baada ya miezi minne shamba lilijaa matunda ya mviringo, ya kijani yenye mistari, mazuri ya kutazama. Siku ya Jumapili nikawaalika wageni. Nilipolipasua tunda la kwanza mbele yao kisu kilikwama. Ndani lilikuwa jeupe na gumu kama boga bichi, wala halikuwa na utamu wo wote. Wageni wakacheka, na matunda yale nikawapa ng'ombe.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja mzee, mwalimu mstaafu wa upishi. Alipita njiani akawaona ng'ombe wakila, akasimama. "Mwanangu," akasema, "hiyo unayowapa ng'ombe ni jamu."

Akanieleza kwamba hilo ni tikiti la jamu, ambalo asili yake ni nchi kavu za kusini mwa Afrika, na ambalo watu wa Afrika ya Kusini hulipika kwa sukari tangu zamani. Wataalamu huliita Citrullus amarus. Ni ndugu wa tikitimaji, lakini si mzazi wake. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba jamaa wa karibu zaidi wa tikitimaji letu ni tikiti la Kordofan, nchini Sudan.

Basi utalitambuaje? Usitegemee ganda, kwa maana ganda hudanganya. Majani pia yamekatikakatika kama ya tikitimaji. Lipasue. Nyama ya tikiti la jamu ni nyeupe au ya kijani hafifu, ngumu, na haina utamu. Mbegu zake mara nyingi ni nyekundu au za kijani, hali zile za matikitimaji tuliyoyazoea ni nyeusi au za kahawia. Wala usilichanganye na kahurura wa nyanda za juu. Huyo ni wa jamii ya maboga, asili yake ni Amerika, na nyama yake ikipikwa huwa nyuzinyuzi. Wahispania humpika kwa sukari, na jina walilompa maana yake ni nywele za malaika.

Nilifurahi sana kwa elimu hiyo, na furaha ndiyo iliyoniponza. Mwaka wa pili nilipanda matikiti ya jamu upande mmoja na matikitimaji upande wa pili, bega kwa bega. Yote yalizaa vizuri, kila moja kwa namna yake. Nikachagua tikitimaji lililo jekundu na tamu kuliko yote, nikakausha mbegu zake, nikampa jirani yangu mjane kwa moyo mweupe.

Jirani yule alilima nusu eka, akawalipa vibarua wa kupalilia, na mavuno yake alikuwa ameyahesabu kuwa ada ya mwanawe wa sekondari. Wakati wa kuvuna ulipofika alikuja kwangu na tunda moja kichwani. Akaliweka chini, akalipasua. Lilikuwa gumu na jeupe. Akanitazama, akasema, "Karani, mbegu zako zilikuwa na siri."

Siri hiyo ilikuwa kazi ya nyuki. Ndugu hawa wawili wakipandwa karibu, nyuki huchukua chavua ya huyu na kumpelekea yule. Tunda la mwaka ule halibadiliki hata kidogo, ndiyo sababu mimi nilikula tamu. Badiliko hujificha ndani ya mbegu, likangojea msimu unaofuata. Mimi nilikula utamu, na mjane akavuna hasara.

Nilikwenda kwake na mke wangu kumwomba radhi. Fedha za vibarua nilimrudishia zote. Kisha sote watatu tukaanza kuyapika matunda yale. Kwanza mke wangu alikuwa akigusa kipande kibichi cha kila tunda kwa ncha ya ulimi. Mawili yalikuwa machungu, tukayatupa. Jambo hili msilidharau: uchungu wa matikiti ni sumu inayoleta kutapika na kuharisha, na wala moto wala sukari haviuondoi.

Yaliyobaki tuliyamenya, tukatoa mbegu, tukakatakata vipande vidogo. Kila kilo 1 tuliitia robo tatu ya kilo ya sukari, tukaacha usiku kucha. Asubuhi tukatia maji ya ndimu na tangawizi, tukachemsha hata vipande vikang'aa. Ndimu haiachwi, kwa sababu tikiti hili lina kigandishi kingi lakini halina ukali. Tulijua imeiva kwa kudondosha tone kwenye sahani baridi; lilipoganda, tukaijaza ingali moto katika chupa zilizochemshwa. Tuliuza sokoni, mama akapata sehemu ya ada. Sehemu iliyobaki niliitoa mimi katika mshahara wangu, na haikuwa ndogo.

Siku hizi napanda aina moja tu kwa msimu mmoja. Anayetaka zote mbili na atenganishe mashamba kwa kilomita 1 hivi, au afanye hivi: jioni atafute ua jike, lenye kitunda kidogo chini yake, ambalo litafunguka kesho, alifunge kwa uzi, na ua dume alifunge vile vile. Asubuhi ayafungue, apake chavua, kisha alifunge tena ua jike na kutia alama kwenye kikonyo. Mbegu za tunda hilo ndizo atakazoweza kumpa mtu bila wasiwasi.

Mbegu haina tangazo usoni mwake. Anayeipokea huamini neno la anayeitoa, naye hulima, hulipa vibarua na kungoja miezi kwa imani hiyo. Kwa hiyo, kabla hujafungua mkono kumpa jirani, jiulize kwanza ni nini kilichokuwa kimepandwa ng'ambo ya ua wako.