Uwanja wa Chai Katika Mji wa Kericho

Miji mingi ya dunia hujivunia viwanja vyake. Watu wa Athene ya kale walikuwa na agora, mahali palipouzwa samaki na mafuta ya zeituni, na papo hapo yakahojiwa mambo ya dola. Unguja wana Forodhani, Dar es Salaam wana Mnazi Mmoja, na Nairobi wana Bustani ya Jevanjee na Uhuru Park. Nikithubutu kuutia uwanja wa Kericho katika safu hiyo najua kwamba nitachekwa. Uwanja wetu, ambao wenyeji huuita Chai Square, ni mdogo. Mtu mwenye miguu mirefu aweza kuukata kabla hajamaliza kutafuna pingili moja ya muwa. Una nyasi na miti ya kivuli, na kandokando yake pana barabara, maduka na benki. Hayo ndiyo yote atakayoyaona mpita njia. Walakini nausifu uwanja huo, wala siusifu kwa sababu ni kwetu tu.

Msomaji ambaye hakukulia katika nchi ya chai yampasa kwanza aelezwe hali yake. Kutoka Kericho mpaka upande wa Bomet vilima vyote vimefunikwa na michai iliyokatwa sawasawa, utadhani ni zulia lililotandikwa kwa mkono. Nchi hii ina kimo cha mita 2,000 na zaidi juu ya bahari, na mvua hunyesha karibu kila alasiri; chai haipendi kitu kuliko hicho. Wageni husimamisha motokaa zao kando ya barabara wakapiga picha. Mimi nilizaliwa ndani ya picha hiyo. Mama yangu alikuwa mchumaji katika shamba moja kubwa, na nyumba tuliyolala ilikuwa ya kampuni. Bomba la maji lilikuwa la kampuni. Zahanati, shule, kiwanja cha mpira, barabara, hata mikaratusi tuliyookotea kuni, vyote vilikuwa vya kampuni.

Sisemi haya kwa kulaumu. Maji yale yalikuwa safi kuliko ya mto, na nilipougua malaria nilitibiwa bila ya mama kutoa senti. Lakini mtoto anayekanyaga mali ya mwingine tangu nyumbani mpaka shuleni hujifunza mwendo wake maalumu. Hufuata ukingo wa njia. Akimwona mlinzi hutayarisha jibu kabla ya swali. Tukiulizwa sisi ni watoto wa nani, tulikuwa tukitaja namba ya nyumba, wala hatukuona ajabu.

Siku ya Jumamosi iliyofuata mshahara, mama alizoea kutuchukua mjini. Baada ya kununua unga, chumvi na sabuni tulikwenda kukaa uwanjani, chini ya mti. Alivua viatu. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu wa majani, kwa maana aliyechuma majani mawili na ncha yake kutwa nzima, siku sita za juma, hawezi kuutoa weusi ule kwa sabuni. Alikaa kimya muda mrefu, akiwatazama watu. Nakumbuka nilingoja mlinzi aje atuulize tuna kazi gani pale. Hakuja mtu. Nilimwuliza mama uwanja ule ulikuwa wa nani, naye akanijibu, “Wa watu.” Nilikuwa na umri wa miaka saba au minane, na jibu lile lilinishangaza kuliko bei ya viatu.

Nilipokuwa mtu mzima nikaanza kuuliza jinsi watu walivyobakiwa na kipande kidogo hivyo katika nchi kubwa namna hii. Kabla ya kuja Wazungu, Wakipsigis walikuwa na mahali pao pa kukutania. Kila kokwet, yaani ujirani wa nyumba zilizotapakaa kilimani, ilikuwa na baraza yake chini ya mti, na wazee walikaa majanini wakaamua habari za mipaka, mahari na ng'ombe waliopotea. Hapakuwa na ukuta wala lango. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba uwanja wa watu wote ni zawadi iliyoletwa na wageni.

Waingereza walipoimarisha utawala wao mwanzoni mwa karne ya 20, sheria za ardhi za mwaka 1902 na 1915 ziliwapa uwezo wa kuihesabu nchi kuwa mali ya Mfalme wao na kuigawa wapendavyo. Kisa kilichotokea Kericho chastahili kukumbukwa kwa jinsi kilivyo cha ajabu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilianzishwa huko Uingereza shirika la maofisa waliojeruhiwa vitani, likapewa eka 25,000 hapa Kericho mwaka 1919 walime kitani, mmea ambao nyuzi zake hufumwa nguo. Wale waliokuwa wakichunga na kulima katika eka hizo hawakuulizwa. Bei ya kitani ikaanguka, shirika likafilisika katika muda wa miaka michache tu. Je, ardhi ilirudi kwa wenyewe? Haikurudi. Katikati ya miaka ya 1920 ilipita mikononi mwa makampuni ya Brooke Bond na James Finlay, nayo yakapanda chai. Wale maofisa, ambao wengine walikuwa wamepoteza mkono au mguu, siwezi kuwachukia. Waliahidiwa kitu ambacho hakikuwa mali ya yule aliyeahidi.

Mji wenyewe ulikua kando ya ofisi ya serikali. Reli haikufika Kericho. Bidhaa zilishushwa katika stesheni ya Lumbwa, ambayo leo huitwa Kipkelion, kisha zikapandishwa mlimani. Wahindi walifungua maduka, na mafundi wa Kisingasinga wakafanya kazi zao za useremala na uashi. Hekalu lao lililopo mjini ni mojawapo ya yale makubwa katika Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1950 Brooke Bond ilijenga Tea Hotel kwa ajili ya mameneja na wageni wao. Mwafrika alikuja mjini kwa shughuli, na shughuli ikiisha alitazamiwa kuondoka.

Tena wako waliokatazwa hata kufika. Ukoo wa Talai, ambao walikuwa viongozi wa mambo ya roho na ya vita, ulichukiwa sana na serikali ya kikoloni. Kwa sheria ya mwaka 1934 watu wa ukoo huo, wanaume kwa wanawake na watoto wao, walihamishwa kwa mamia kutoka nchi ya Wakipsigis wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, mahali penye joto, mbu na mbung'o. Waliofiwa huko ni wengi. Waliporudishwa mwaka 1962, uhuru ukiwa karibu, wengi walijikuta wakibanana katika vipande vya ardhi pembeni mwa mji wa Kericho, na mashamba yamewazunguka. Mwaka 2022 madai yao na ya Wakipsigis wengine yalifikishwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Nikiwaona wazee wamekaa uwanjani na fimbo zao, hunijia fikira kwamba wako kati yao ambao kipande kile cha nyasi hakipungui sana ukubwa wa mashamba waliyo nayo.

Uwanja una tabia moja ninayoipenda: haumtii daima aliyeupima. Pale Mnazi Mmoja, watawala wa kigeni waliacha nafasi wazi ili kuutenga mji wa Waafrika na mitaa ya Wahindi na Wazungu; leo umesimama hapo mnara wa mwenge wa uhuru. Bustani ya Jevanjee ilitolewa kwa wakaaji wa Nairobi mwaka 1906 na tajiri A. M. Jeevanjee, ikiwa na sanamu ya Malkia Victoria ndani yake. Mwaka 1991 palitokea mpango wa kuijenga, na mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama pamoja na wananchi wakaukataa. Miaka miwili kabla ya hapo Wangari Maathai alikuwa amepinga jumba la ghorofa 60 lililotakiwa kupandishwa katika Uhuru Park. Alitukanwa hadharani, lakini jumba halikujengwa. Viwanja hivi havikutetewa na askari. Vilitetewa na watu waliokwisha kuonja raha ya kukaa mahali bila ya kuulizwa.

Chai Square haijapata vita mashuhuri kama hivyo. Imepata mambo mengine. Mashamba yaliwakusanya Wakipsigis, Wakisii, Waluo na Waluhya, kila mmoja na lugha yake, na Kiswahili ndicho kilichowawezesha kubishana juu ya mzani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wafanyakazi wengi wa makabila mengine walishambuliwa katika mashamba ya Kericho, wakakimbia na kuacha vyombo vyao. Baadaye wengine walirudi. Siku moja niliona wanaume wawili wamekaa katika kivuli kimoja uwanjani, mmoja Mkipsigis, mmoja Mkisii, waliofahamiana zamani kazini. Walizungumza habari ya kikapu kilichopotea, wakabishana ni nani aliyekichukua, kana kwamba hicho ndicho kilichopotea peke yake. Sikusikia wakitaja jambo jingine. Pengine palikuwa panafaa kuanzia hapo.

Mashamba yenyewe yamebadilisha wenyewe. Brooke Bond iliingia mikononi mwa Unilever mwaka 1984, na Unilever nayo ikauza biashara yake kubwa ya chai mwaka 2022. Mashine za kuchuma zimekuja, na mashine moja hufanya kazi ya watu wengi. Mwezi wa Mei 2023 hasira ilizidi, mashine zikachomwa moto katika nchi ya Kericho na Bomet. Siwezi kuusifu moto ule, wala siwezi kujifanya siujui ulipotoka. Zamani uwanja ulijaa siku ya Jumamosi tu. Siku hizi nawaona vijana wamekaa siku ya Jumanne saa nne asubuhi, mikono yao safi, haina weusi wa utomvu. Yule asiyejua atasema ni mikono ya makarani.

Yako maneno kwamba mji wetu unakua na kwamba nafasi iliyo katikati yake ni ya thamani mno kuachiwa nyasi. Hoja hiyo husemwa na watu wenye makwao. Mimi, kama ningeulizwa, ningeomba mambo matatu madogo: mabenchi zaidi, choo kisafi, na banda refu lenye paa. Banda nalitaka hasa kwa ajili ya wanawake wanaotoka mashambani na mizigo yao, maana ikifika saa tisa au saa kumi wingu huja kutoka upande wa msitu wa Mau, na hapana anayehitaji kuambiwa. Watu wote huinuka pamoja, wazee na fimbo zao, vijana wa Jumanne, mpiga rangi viatu na sanduku lake, wakakimbilia barazani mwa maduka na kubanana humo bega kwa bega mpaka mvua iishe, huku nyasi zimebaki peke yake zikinywa maji.