Mtoto wa Staa Haongei? Ngoja Niwaambie Kazi Iliyopo Nyuma ya Pazia

Wadau, kabla hamjaanza kubashiri, jina simtaji. Na si yule mnayemfikiria. Ni mtangazaji, ana wafuasi kibao, na mimi ndiye ninayeshika kalenda yake: harusi anazoshereheshea, matangazo, mahojiano. Ameniruhusu niandike haya mradi jina lake na majina ya hospitali yakae pembeni. Niko naye kwenye hilo, maana mtoto hakuomba ustaa.

Kilichonifanya niandike ni komenti. Dada akitupia picha ya mwanawe, dakika tano haziishi. "Mbona huyu dogo hatujawahi kumsikia akiongea?" "Mama kutwa kwenye masherehe, mtoto kalelewa na katuni za kwenye simu." Mwingine anaandika bila aibu kwamba mtoto katolewa kafara ili mama apate jina. Haya, mnataka ubuyu? Ubuyu wenyewe huu hapa.

Dogo alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu, hana neno hata moja. Umri huo watoto wengi tayari wanaunganisha maneno mawili: "mama njoo", "nataka maji". Yeye ukimwita jina hageuki. Alipotimiza mwaka alikuwa anasema "baba", kisha likapotea. Kliniki alikuwa anapelekwa vizuri tu, uzito unapanda, mstari kwenye kadi unapendeza, kila mtu anampongeza mama. Lakini mizani haipimi maneno.

Nyumbani sasa, kila mtu alikuwa daktari. Bibi anasema ni udata, akakatwe chini ya ulimi. Shangazi anasema watoto wa kiume huchelewa, mjomba wake aliongea akiwa na miaka minne na leo hanyamazi. Jirani ana mtu wake wa kusoma dua. Kiukweli udata ni nadra sana kuwa sababu ya mtoto kutosema kabisa. Na mtoto aliyekuwa na neno halafu likapotea ni wa kupelekwa hospitali, siyo wa kusubiriwa.

Daktari wa watoto akaanza na masikio, na alikuwa sahihi, maana asiyesikia hawezi kuiga maneno. Kuna kipimo ambacho mtoto hatakiwi kujibu chochote. Anawekewa kifaa kidogo sikioni hata akiwa amelala, mashine inasoma yenyewe. Masikio yakaonekana mazima. Akaandikiwa mtaalamu wa usemi, mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yule anayemfundisha mtoto kukaa, kula, kushika na kucheza, halafu na tathmini ya usonji.

Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Vituo vitatu, pande tatu za Dar, siku tatu tofauti. Kila anakofika mama anaanza upya: mimba ilikuwaje, alilia alipozaliwa, alikaa lini, alitembea lini. Huyu anasema mpe picha achague, yule anasema usimpe kitu mpaka atoe sauti. Sehemu moja wakataka masikio yapimwe tena kwa sababu karatasi ilibaki sehemu nyingine. Mwalimu wa chekechea hakuwa ameambiwa chochote, anamweka dogo kona akidhani ni utundu.

Jioni moja Dada akaniambia, "Mimi sirudi tena. Nikikaa kwenye benchi watu wananipiga picha, nikiingia ndani naulizwa maswali yale yale. Nimechoka."

Niliogopa jamani. Miaka ya mwanzo ndiyo ubongo wa mtoto unajifunza kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote. Baadaye bado anajifunza, ila kazi inakuwa ngumu zaidi. Na huyu mtoto alikuwa anaelekea kupoteza miaka hiyo wakati wataalamu wapo, tena wazuri, ila tu hakuna aliyewaunganisha.

Nikamwambia, "Dada, harusi ya watu mia tano tunaiendesha, mpishi, mpambaji, mpiga picha na mtu wa muziki hawagongani. Ni kwa sababu kuna mtu mmoja ana ratiba ya wote. Nipe karatasi za dogo."

Nikanunua kaunta buku na faili. Ukurasa wa kwanza historia nzima ya mtoto, anayeuliza anapewa asome. Kurasa zinazofuata ni miadi: tarehe, nani, kasema nini, kazi gani ya nyumbani. Majibu ya vipimo yote yapo kwenye faili na nakala zake. Halafu nikawaomba wataalamu waongee kwa simu moja, dakika ishirini tu. Ilikuwa mara ya kwanza watu wanaomhudumia mtoto mmoja kusikilizana. Wakakubaliana malengo mawili kwa miezi mitatu: aonyeshe anachotaka kwa kidole au kwa picha, na akae mezani na wenzake dakika tano. Mwalimu naye akapewa nakala, ile kona ikaisha.

Malengo nikayabandika kwenye friji, kwa Kiswahili cha kawaida kabisa. Maana anayeshinda na dogo siyo mama wala daktari, ni binti wa kazi, na hakuna aliyewahi kumuuliza kitu. Alipoulizwa akasema, "Huyu akisikia bomba linafunguliwa anakimbia mwenyewe, anacheka." Mtaalamu wa usemi akaanzia hapo hapo. Wakati wa kuoga, funga bomba, subiri, mwangalie. Akikuangalia au akigusa mkono wako, sema "maji" na ufungue. Kila siku.

Mdogo wake Dada anaishi Marekani. Alipoona lile daftari kwenye simu akacheka, akasema huko hiyo ni ajira ya mtu. Sheria yao ya 1986 ilianzisha huduma hizi kwa watoto kuanzia kuzaliwa mpaka wanapotimiza miaka mitatu. Familia inapewa mratibu mmoja, mpango unaandikwa pamoja na wazazi, na tathmini na kikao cha kwanza vinatakiwa kufanyika ndani ya siku 45.

Sisi nasi tuna pa kuanzia. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayotaka afya, lishe, malezi, elimu ya awali na ulinzi wa mtoto vishikane badala ya kila idara kwenda kivyake. Na kwenye hospitali kubwa kuna afisa ustawi wa jamii. Ukipotea njia, muulize huyo.

Ila nisiwadanganye. Dada ana gari na ana mimi. Kwenye benchi lile lile alikaa na mama mmoja kutoka Mbagala, mtoto wa miaka minne mgongoni, hajaanza kutembea. Amepanda daladala mbili. Anauza vitumbua, kwa hiyo kila miadi ni siku nzima bila biashara. Akiambiwa "rudi Alhamisi" anapiga hesabu kwanza. Staa anaumizwa na komenti, yule mama anaumizwa na nauli, na wote wawili wanaweza kuacha kurudi.

Dogo sasa ana miaka mitatu na nusu. Ana usonji, imethibitishwa. Msitegemee video ya muujiza. Ana maneno sita, la kwanza lilikuwa "maji". Anavuta mkono wako na kukuonyesha anachotaka, na kelele za jioni zimepungua, maana kelele nyingi zilikuwa ni za kutoeleweka. Mama yake atatangaza siku atakayotaka, au hatatangaza kabisa. Ni yake hiyo.

Ninyi wenye vidole vyepesi, bila shaka mnaye dada, shemeji au jirani mwenye mtoto wa aina hii. Usimuulize mbona haongei, ameshaulizwa vya kutosha. Muulize miadi inayofuata ni lini, na nani atamshikia daftari.