Umeme wa bure niliouzua mwenyewe

Wadau, nimekuwa kimya hapa kibarazani karibu wiki mbili. Si uvivu. Nilinuniwa, tena kwa haki.

Kisa chenyewe ni hiki. Jamaa yangu tuliyekaa naye chumba kimoja enzi za chuo anasoma shahada ya pili ya fizikia. Nilikwenda kumwona maabara, nikakaa dakika ishirini, nikatoka na habari. Kesho yake gazeti likaja na kichwa: "Kijana agundua umeme wa bure". Kichwa ni cha mhariri, lakini ya ndani ni yangu. Niliandika kwamba utando wake ukichomwa kwenye tanuri unatoa umeme. Asubuhi hiyo hiyo msimamizi wake akamwita, gazeti mkononi.

Jamaa hajagundua umeme wowote. Mjerumani Thomas Seebeck aliliona jambo hili mwaka 1821: aliunganisha metali mbili tofauti, akapasha moto maungio ya upande mmoja, sindano ya dira ikacheza. (Naye alidhani ni usumaku, kumbe ni umeme. Nilijifariji kidogo.) Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa 1977, kilifungwa mitambo ya namna hiyo, inayotumia joto la plutoniamu.

Shida ni kupata kitu kinachopitisha umeme vizuri huku kikizuia joto, maana joto likipenya upesi pande zote mbili zinalingana na mchezo umekwisha. Kwa joto la kawaida la chumbani, kinachosifika ni bismathi teluraidi. Jamaa anaipaka juu ya kioo ndani ya mashine iliyonyonywa hewa, utando mwembamba kuliko unywele mara nyingi tu. Ukitoka hapo, atomi zimekaa ovyo kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Tanuri ndipo linapoingia: nyuzi 200 hadi 300 hivi, ndani ya agoni ili oksijeni isiuguse. Atomi zinajipanga, fuwele zinakua, umeme unapata njia. Ukizidisha moto, teluriamu inatoka kama mvuke na mchanganyiko unaharibika.

Kwa hiyo tanuri halizalishi kitu. Linautengeneza utando ili siku ukipata upande wa moto na wa baridi ufanye kazi vizuri zaidi. Sentensi mbili tu, na mimi sikuuliza.

Jumamosi nilikwenda kuomba radhi. Hakusema kitu, akanivutia stuli. Tukakaa tunaangalia namba za tanuri zikipanda, 180, 210, 240, zikasimama 250. Alitaka saa nzima. Dakika ya arobaini umeme ukakatika, ule wa kawaida, wa nguzo. Feni kimya, namba zikazimika. Utando haukuungua, ila hauwezi tena kulinganishwa na wenzake waliokaa saa nzima, na ile ilikuwa sampuli yake ya mwisho kabla ya kikao na msimamizi.

Akafungua daftari, akaandika saa na dakika kwa utulivu kabisa. Halafu akanigeukia: "Hii nayo kaiandike."

Masahihisho yalitoka Jumatano, mistari minne, chini ya tangazo la viwanja. Nimemkatia nakala. Bado hajapokea simu.