Usikubali Kufutiwa Muswada

Ndugu zangu tunaoandika, wengi wetu hatuna kompyuta mpya. Tunazo za mtumba, na zinapogoma tunakimbilia kwa fundi. Fundi naye, mwenye foleni ya wateja mlangoni, ana dawa moja kwa kila ugonjwa: kufuta kila kitu na kupiga Windows upya. Kwa mtu mwenye riwaya ndani ya mashine, dawa hiyo ni msiba.

Mimi niliishia kidato cha nne. Riwaya bado hainilishi. Nakula kwa kutafsiri vijarida vya kilimo. Mshikaji mmoja akaninakilia programu ya watafsiri, ya bure, iliyoandikwa kwa Java, pamoja na mipangilio yake yote kutoka mashine yake mpya. Kwangu ikagoma. Nabofya, dirisha jeusi linatokea kufumba na kufumbua, halafu kimya. Kazi ilitakiwa Jumatatu, na kodi ya chumba ilikuwa inaningoja hapo hapo. Fundi akataka shilingi 30,000, siku mbili, na ruhusa ya kufuta. Kurasa 140 za riwaya zifutwe kwa sababu ya programu moja? Nikambeba mgonjwa wangu nikarudi naye nyumbani.

Dirisha lile jeusi halikuwa bure. Lilikuwa linasema jambo, ila linaondoka kabla hujasoma. Basi nikafungua mwenyewe dirisha la amri, nikaandika java -version. Java ikajibu vizuri, kwa hiyo yenyewe ilikuwa nzima. Lakini katika jibu lake hapakuwa na neno la biti 64. Maana yake yangu ni ya biti 32. Kisha nikaiita programu kutoka humo humo, ili maneno yake yabaki yakisomeka. Ikaniambia haikuweza kutenga nafasi ya kutosha, kilobaiti 2097152.

Nikachukua kikokotozi, nikagawa namba ile kwa 1024. Jibu: 2048 kamili. Namba iliyonyooka hivyo haiji kwa bahati. Lazima kuna mtu kaiandika mahali. Nikafungua kwa Notepad faili dogo la kuanzishia programu, na kumbe imo: -Xms1024M -Xmx2048M.

Java, iliyotolewa mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems, ina tabia hiyo. Kabla programu haijaanza, hutengewa eneo lake katika kumbukumbu. Xms ni kiasi cha kuanzia, Xmx ni kikomo. Java ya biti 32 kwenye Windows hupata kwa kawaida anwani za gigabaiti 2 tu, na humo humo kuna vitu vingine, wakati yenyewe inataka kipande kimoja kisichokatika. Mara nyingi hupati zaidi ya gigabaiti moja na nusu, hata ununue RAM ya kujaza gunia. Na ikikosa nafasi iliyoagizwa, haisemi "nipe hicho kilichopo". Inakataa kuanza.

Namba ile ilimfaa mshikaji kwenye mashine yake. Kwangu ilikuwa suti ya mtu mwingine.

Nikahifadhi nakala ya faili, nikashusha Xmx hadi 768M. Ikagoma tena, lakini kwa maneno mapya: kiasi cha kuanzia kimezidi kikomo. Mgonjwa akibadilisha malalamiko, ujue dawa imeanza kufika. Nikashusha Xms hadi 256M. Ikafunguka.

Msishushe ovyo, lakini. Kikomo kikiwa kidogo mno programu itaanza, kisha ikutupe njiani ukifungua kazi kubwa. Na kama umebadilisha faili lakini programu inadai namba ile ile ya zamani, tazama katika mipangilio ya Windows kama kuna kigeu kinachoitwa _JAVA_OPTIONS. Hicho huwa na kauli kuliko faili lako.

Wazee walisema mtu hujikuna ajipatapo. Siku hizi nalikumbuka neno hilo hata nikiandika. Riwaya yangu ilipangwa kuwa na vizazi vinne na miji mitatu. Nimeipunguza iwe nyumba moja ya kupanga pale Manzese, na tangu hapo inasonga.

Tafsiri niliipeleka Jumatatu, kodi ikalipwa. Riwaya imefika ukurasa wa 163.