Ngoma Mpakani
Jioni moja, nikiwa Murongo wilayani Kyerwa, ambako ng'ambo ya Mto Kagera ni Uganda, nilisikiliza Source of Denial, albamu ya mwaka 2023 ya kundi la Nihiloxica. Ngoma za Buganda zinapigwa kwa mikono ya watu, na chini yake mashine zinanguruma kwa kiza kizito. Kundi hilo la Waganda na Waingereza linaushutumu mfumo wa uhamiaji wa Uingereza. Nilitikisa kichwa kuafiki.

Kisha nikaikumbuka Operesheni Kimbunga ya 2013, iliyowaondoa maelfu ya watu mkoani Kagera, wakiwamo walioishi nchini kwa miongo. Wakati ule mimi, mhadhiri, sikuandika hata sentensi moja. Ndugu msomaji, anayeulaani mlango wa London autazame kwanza wa nyumbani kwake.